Swichi Chini ya Kiti cha Mash Eynollah

Miaka arobaini na moja nimekuwa nikifungua maboneti hapa Malayer, na humo nimekuta panya waliokauka, mayai ya njiwa, soksi, na mara moja meno ya bandia ya mwenye gari. Hakuna kilichonitia kinyaa kama kauli moja ya Haji Mozaffar, nayo niliisikia mdomo wangu umejaa wali.

Kwanza niseme habari za Mash Eynollah, maana habari hii ni yake. Tunamwita Mash kwa sababu alishakwenda kuzuru kaburi takatifu kule Mashhad, na alikwenda kwa gari hilohilo ninalotaka kulizungumzia. Alikuwa mpanga barua posta mpaka alipostaafu. Ni mpole kiasi cha kuudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Kwenye foleni ya mkate anawapisha wanawake, kisha wazee, kisha watoto, kisha anampisha na yule aliyefika sasa hivi akipiga miayo, na mwisho anarudi nyumbani kula mkate wa jana. Nimemgombeza kwa hilo mara ngapi! Ananijibu, "Fundi, wote wana haraka, mimi sina."

Kitu kimoja tu alikuwa nacho hapa duniani, ukimtoa binti yake. Gari lake, Paykan ya mwaka hamsini na nne kwa kalenda yetu, rangi ya maini. Aliinunua mwaka aliomwoa Golandam. Golandam alipougua, kila Jumanne kwa miaka miwili alimlaza kiti cha nyuma akampeleka hospitali Hamadan, taratibu, akikwepa kila shimo. Golandam amefariki mwaka wa nne huu. Pini ya mtandio wake ilibaki imechomekwa kwenye kile kizuia jua juu ya kichwa cha dereva, na Mash akiliosha gari Ijumaa kwa maji ya uvuguvugu, pini ile haigusi.

Sasa, kuiba Paykan si kazi. Mlango unafunguka hata kwa mpini wa kijiko. Ndiyo maana hapa kwetu kila mwenye nalo ana swichi yake ya siri. Nimezificha nyingi: ndani ya kisahani cha majivu, nyuma ya redio, chini ya tairi la akiba. Lakini ya Mash nilimfungia kwa mapenzi. Niliiweka katikati ya springi za kiti chake, upande wa kushoto, na waya wake nikauviringisha pamoja na waya wa geji ya joto, nikafunika kwa utepe mweusi usijulikane mwanzo wala mwisho. Ukiifunga swichi ile, taa zinawaka, stata inazunguka, umeme unafika kwenye koili, kila kitu kizima. Cheche tu ndiyo haitoki, kwa sababu waya wangu unaimwaga kwenye bodi ya gari kabla haijafika kwenye plagi. Tulioijua tulikuwa watatu, na Golandam alikwenda nayo. Miaka thelathini, kila Mash alipozima gari, mkono wake wa kushoto ulishuka chini ya kiti wenyewe, ta, ndipo akateremka.

Basi majira ya kuchipua binti yake Samaneh akaolewa na mtoto wa Haji Mozaffar, muuza mafriji, mwenye maduka matatu. Mwisho wa kiangazi Mash akawaalika wakwe kwa chakula cha mchana. Mke wangu ndiye aliyepika wali, kwa hiyo na mimi nikawa mgeni. Tulitandikiwa uani, chini ya mzabibu, na gari liko pale pembeni limeng'aa.

Haji yule anakula, loo! Anafyonza mifupa hadi nyumba ya pili wanasikia. Alipomaliza akaegemea mto, akalitazama gari.

"Ala! Mash, hili gari bado zuri hivi? Mashallah! Hata rangi ni ileile!"

Mash akasema kama ambavyo mimi ningesema, kama ambavyo yeyote pale angesema. "Ni lako, Haji. Lichukue, si kitu mbele yako."

Jamani, niwaeleze. Kwetu ukiisifu saa yangu, nakwambia ni yako. Ukimuuliza dereva wa teksi nauli, anakwambia usijali, na ukishuka bila kulipa atakufuata mpaka chumbani kwa mama yako. Ni heshima tu, ni maneno ya kumpendeza mtu, na jibu lake mtoto wa miaka mitano analijua: Mungu akubariki nalo, linampendeza mwenyewe. Nilikuwa nimeshamsikia Haji akilisema kabla hajafungua kinywa. Nikajaza kijiko.

Haji akachokonoa jino kwa njiti ya kiberiti. Akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

"Basi asante, mkono wako usiumie, Mash. Jumapili nitakuja kulichukua."

Samaneh aliangusha upawa. Mimi wali ulinikaba, nikakohoa mpaka machozi. Hakuna aliyecheka, maana Haji hakuwa anatania. Na Mash, sura imempauka, akaweka mkono kifuani akasema, "Karibu sana, Haji. Karibu."

Walipoondoka nilimvamia Mash jikoni. "Mwambie ulikuwa unamstahi tu! Nenda kesho umwambie!"

"Nikimwambia hivyo, Samaneh ataishi vipi mle ndani?" Alikuwa anaosha vikombe, hanitazami. "Mkwewe mwanamke keshamsema kwa mazulia machache aliyokwenda nayo. Sasa kila akiinjika sufuria ataambiwa, baba yako anatoa kwa mkono huu, ananyang'anya kwa huu. Mwache alichukue, Fundi. Ni chuma."

"Chuma!" nikamwambia. "Huna hata haya ya kuniongopea mimi."

Akaosha kikombe kilekile mara ya pili.

Jumapili asubuhi Haji akaja, mfuko wa mbegu za alizeti mkononi. Akajitupa kwenye kiti cha dereva bila hata bismillahi, akaanza kubangua mbegu na kutema maganda pale chini, kwenye zulia dogo ambalo Golandam alilifuma mwenyewe. Akazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, ikalia. Akajaribu tena. Gari haliwaki.

Nikamwona Mash anageuka rangi. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Fundi, Wallahi sikukusudia. Ni mkono tu, umezoea. Swichi imefungwa. Nimwambie?"

Ndipo mimi, kwa kinywa changu hiki, nikasema, "Nyamaza. Usiseme neno. Niachie mimi."

Mpango ulikuwa mwepesi. Haji ni mfanyabiashara, atachoka. Mtu hataki kitu cha bure kinachomsumbua. Akichoka atasema baki nalo, Mash atakuwa hajarudisha kauli yake, na Samaneh atakuwa hana la kuambiwa. Nilichotakiwa mimi ni kushindwa tu mbele ya watu na kufunga mdomo. Kazi gani hiyo? Mpumbavu yeyote angeiweza.

Tukalisukuma mpaka mbele ya gereji yangu, ambayo kwa bahati mbaya inapakana na duka la mkate. Na foleni ya mkate mnaijua. Mwanamume akisimama na boneti lililo wazi mbele yake, anakuwa fundi papo hapo.

"Betri hiyo!"

"Betri gani? Husikii stata inavyozunguka? Una masikio au vishikio vya sufuria?"

"Petroli imepata hewa kwa joto. Wekeni ganda la tikiti juu ya pampu, lipoe."

"Kweli! Gari la mjomba wangu liliwaka kwa ganda la tikiti."

Haji akakubali, ganda la tikiti likaletwa, likafunikwa juu ya pampu ya petroli. Na mimi nikakaa kwenye ndoo, nikazifungua plagi nne zilizokuwa safi kuliko vijiko vya kwangu, nikazisugua, nikazirudisha. Nikahema. Nikakuna kichwa. Nikasema, "Sijui, Haji, sijawahi kuona kitu kama hiki." Ulimi ulikuwa mchungu kana kwamba nimelamba betri.

Jumatatu Haji akamleta fundi umeme kutoka Hamadan, jibaba moja lenye sanduku la vifaa na manukato ya kuumiza kichwa. Akapima kwa taa yake. Umeme upo kwenye koili. Akabadilisha koili. Akafungua distributa, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, akabadilisha platini, akabadilisha kondensa. Akashika waya mkubwa karibu na chuma, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Akalala chini ya dashibodi akafuata nyaya moja baada ya nyingine, jasho linamtiririka, na vidole vyake vikapita juu ya utepe wangu mweusi mara mbili. Mara mbili! Nikamwangalia Mash, Mash akaangalia viatu vyake. Nitawaambia ukweli, furaha niliyoisikia si ya kawaida. Kazi niliyoifanya nikiwa kijana inamzungusha bingwa wa Hamadan! Nilitamani kumfunulia na kumwambia, tazama, hivi ndivyo waya unavyofichwa. Hapo ndipo nilipaswa kujiogopa.

"Gari hili limerogwa," akasema yule jibaba, akafunga sanduku lake.

Jumanne ganda la tikiti lilikuwa bado pale. Hakuna aliyekumbuka kulitoa. Lilikuwa limelegea, limekuwa na rangi ya kamasi, na nyigu wanaingia na kutoka. Harufu yake iliwafanya wanawake kwenye foleni wajifunike pua kwa ncha za chadori. Haji akafika, akainama juu ya injini kutafuta kitu asichokijua, na mkono wake mzima ukazama humo, pamoja na pete.

"Tfuu!"

Akautoa unachuruzika. Akaupangusa kwenye boneti la Mash. Si kwenye kitambaa, si kwenye suruali yake, kwenye boneti! Nikauma meno. Samaneh alikuwa amekuja naye, amesimama karibu na baba yake, hajui lolote, anasokota ncha ya mtandio.

Kisha Haji akasema maneno tuliyoyangojea siku tatu.

"Ah, basi! Imetosha. Baki nalo, Mash. Nimekusamehe. Sina haja ya maiti."

Mash akafumba macho. Samaneh akamshika mkono. Mimi nikageuka haraka nisionekane ninavyotabasamu. Tumeshinda! Ilibaki afungue mlango wa gari lake jipya aondoke. Hatua sita, labda saba.

Lakini mtu kama yule haondoki hivi hivi akiwa amenuka mbele ya watu. Akaigeukia foleni ya mkate, akapaza sauti.

"Wala msililaumu gari! Laumuni fundi! Miaka arobaini yuko chini ya maboneti, cheche hajui inatoka wapi. Huyu jamani msimpelekee hata baiskeli, atawarudishia mbuzi!"

Wakacheka. Foleni nzima. Na muoka mkate, ambaye gari lake nimelitengeneza tangu wanawe hawajazaliwa, alitoa kichwa dirishani kucheka vizuri.

Neno gani gumu hapo? Hakuna. Nilitakiwa nimeze mate. Rafiki yangu aliyeacha mkate wake kwa kila mtu maisha yake yote alihitaji mimi nimeze mate mara moja. Nikarusha spana chini.

"Mimi? Mimi nishindwe na Paykan? Gari hili halina ubovu wowote! Halina hata chembe!"

Vicheko vikakatika. Haji akageuka polepole. Ni mfanyabiashara yule, ana pua.

"Halina ubovu?"

Nikanyamaza. Sasa ndiyo nikanyamaza!

"Mbona haliwaki, basi?" Akanitazama mimi, akamtazama Mash, akamtazama Samaneh, na hapo macho yakabaki. "Kumbe ninachezewa! Siku tatu ninachezewa mbele ya mji! Samaneh, hivi ndivyo kwenu mnavyowafanyia wakwe?"

Samaneh alikuwa mweupe kama unga. Hajui hata anashtakiwa kwa lipi. Na mimi nimesimama pale, ama ni fundi asiyejua kazi ama ni mwongo niliyemwingiza binti wa watu kwenye uongo wangu, na sina la tatu.

"Hapana, Haji," akasema Mash Eynollah.

Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, ya kumpisha mtu foleni.

"Fundi alimaliza kulitengeneza sasa hivi, umemwahi kabla hajakuambia. Ndiyo maana kakasirika. Mikono yake huyu haijashindwa na gari."

Akafungua mlango. Kabla ya kukaa aliokota maganda ya alizeti kwenye zulia, moja moja, akayatia mfukoni kwake. Akakaa. Mkono wa kushoto ukashuka chini ya kiti. Akazungusha ufunguo, na gari likawaka hapohapo, mara ya kwanza, likanguruma taratibu vile nilivyolirekebisha mwenyewe. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Mashallah, Fundi!" na wengine wakapiga makofi. Walinipigia makofi mimi! Kama ardhi ingepasuka ningeingia na ndoo yangu.

Mash akachomoa ile pini ya mtandio pale juu, akateremka, akamwachia Haji mlango wazi.

"Na hicho ni nini?" akauliza Haji. "Ni cha gari?"

Mash akafungua kiganja. Na kinywa chake, miaka sabini kimefundwa neno moja tu, kikalisema kabla yeye hajakizuia.

"Ni pini tu, Haji. Ni yako."

Astaghfirullahi! Nilisikia Samaneh anavuta pumzi. Haji akaichukua. Akaigeuza juani kwa vidole vyake vyenye utelezi wa tikiti, akaikwaruza kwa ukucha, akaipima uzito. Aliitafakari kwa dhati, naapa, huku Mash amesimama kiganja wazi hajakikunja.

"Bati," akasema, akamrudishia. "Baki nayo."

Mash akaipangusa kwenye shati lake, akaichomeka kwenye kola. Haji akaingia, akajiweka sawa. Mash akainama dirishani, mkono kifuani.

"Haji, hapa chini kushoto kuna swichi ndogo, Fundi amekuwekea. Popote utakaposimama, ifunge kabla ya kushuka. Siku hizi wezi ni wengi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Muoka mkate alirudisha kichwa chake ndani. Mwanamke mmoja aliyatazama mawe ya barabara na hakuinua uso.

Na yule Haji? Mlidhani ataona haya? Alipapasa chini ya kiti, akaipata, akaijaribu, ta, ta, akafurahi.

"Kazi nzuri! Mkono wako usiumie, Mash." Akaondoka, anatema maganda dirishani mpaka alipokata kona ya soko la zabibu.

Tangu siku hiyo ni mwaka na miezi. Gari liko mbele ya duka lake kubwa, amelivalisha maua ya plastiki, maharusi wanapiga picha. Samaneh hasemwi, hilo ni kweli. Mkwewe anamwita binti wa watu wakarimu. Mash anaponitajia hilo anafurahi kabisa. Sijamwomba radhi. Nilijaribu mara moja, nikafika "Mash, siku ile mimi," akaniwahi, "Fundi, nisamehe, nilikuaibisha mbele ya watu." Nikatoka nje nisije nikamtukana.

Siku hizi huja gereji kwa miguu kila asubuhi, anakaa kwenye kiti changu cha mbao karibu na mlango, tunakunywa chai. Adhuhuri ikikaribia anaaga. Kabla hajainuka, mkono wake wa kushoto unashuka chini ya kiti, unapapasa ubao, unatafuta. Kisha anakumbuka, anauweka mapajani, ananitazama kama nimeona. Mimi nakuwa nimeshainama ndani ya boneti lolote lililo mbele yangu, nafungua kitu kisichohitaji kufunguliwa.